Kurekodi runinga kwa bei nafuu: dekoda, runinga yenyewe, laptopu au kulipia?

Ukijulikana Kisumu kama mtu anayeelewa mambo ya nyaya, utaombwa tu. Mama mwenye duka karibu na soko la Kibuye hufunga saa mbili usiku, ilhali habari za Kiswahili huanza saa moja. Mwalimu mstaafu wa Mamboleo anapenda kandanda, lakini mechi za usiku wa manane zimemshinda. Mwili unadai kitanda. Muuguzi wa zamu ya usiku anafuatilia tamthilia ambayo kila akirudi kwayo anakuta mtu ameshaolewa na mwingine ameshazikwa. Wote wanauliza jambo moja: hakuna chombo cha kurekodi, kama ile deki ya kaseti ya zamani, kisichomaliza mshahara?

Vipo, tena vya namna kadhaa. Wanaovilinganisha kwa kawaida hutazama ukubwa wa diski, uzuri wa menyu na idadi ya chaneli zinazorekodiwa kwa pamoja. Hayo ni mambo ya sisi tunaopenda kuchezea mitambo. Kwa rafiki asiyetaka kujifunza lolote jipya, mimi huuliza maswali mawili. Stima ikipotea saa kumi na moja jioni ikarudi saa kumi na mbili na nusu, kipindi cha saa moja kitarekodiwa bila mtu kugusa chochote? Na mwenyewe akirudi nyumbani amechoka, atakifikia kipindi chake kwa rimoti bila kunipigia simu? Chombo kinachojibu ndiyo mara mbili kinashinda kingine chochote, hata kama kwenye karatasi kinaonekana duni.

Kabla ya kununua chochote

Kuna watu hawahitaji kurekodi kabisa. Stesheni kubwa kama Citizen, NTV, KTN na KBC huweka habari zao YouTube, na mara nyingi hurusha matangazo huko moja kwa moja. Anayetaka habari tu, na ana waifai nyumbani, amemaliza. Mwonyeshe namna ya kufungua chaneli husika kwenye simu au runinga yake, kisha unywe chai uliyokaribishwa.

Anayetumia bando ndiye wa kupiga hesabu. Saa moja ya video ya ubora wa wastani hula nusu giga au zaidi kidogo. Fanya hivyo kila siku na mwezi unakula GB 15 au zaidi kwa habari peke yake. Mawimbi ya antena hayali bando hata chembe. Halafu mechi hazipo huko kwa sababu ya haki za matangazo, na tamthilia nyingi za nje zilizotafsiriwa nazo huzipati zikiwa kamili. Kwa hiyo YouTube inamfaa mtu wa habari mwenye waifai. Wengine tuendelee.

Dekoda ya chaneli za bure

Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na mfumo uliochukua nafasi yake ni DVB-T2. Wengi watakumbuka Februari ya mwaka ule, Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa wiki kadhaa katikati ya mvutano na mamlaka ya mawasiliano. Tangu hapo dekoda ndogo zisizo na malipo ya kila mwezi zimejaa madukani, kuanzia Oginga Odinga Street hadi vibanda vya Kondele, kwa shilingi 2,000 hadi 4,000 hivi. Nyingi zina tundu la USB. Watu hulitumia kuchezea nyimbo za flashi, na kile kitufe chenye doti nyekundu kwenye rimoti hakiguswi miaka nenda miaka rudi. Ndicho cha kurekodi.

Si kila dekoda yenye USB inarekodi, lakini. Tafuta herufi PVR, yaani alama ya uwezo wa kurekodi, kwenye boksi, kisha usiziamini. Mwambie muuzaji aiunganishe, uchomeke flashi yako mwenyewe, urekodi dakika mbili na uzitazame palepale. Muuzaji akikataa, duka la pili liko hatua chache mbele.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba picha iliyorekodiwa haipotezi ubora. Matangazo ya dijitali hufika yakiwa yamebanwa tayari, na dekoda huyaandika kwenye flashi yalivyo, bila kuyabana upya. Ulichokiona hewani ndicho utakachokiona kesho. Kwa sababu hiyohiyo nafasi inayohitajika si kubwa: chaneli ya kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na ya HD kati ya GB 2 na 4. Flashi ya GB 32 inabeba habari za saa moja za karibu mwezi mzima.

Lakini flashi yenyewe ndiyo mtego. Zinauzwa flashi zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani zina GB 8, na zimedanganywa ili kompyuta ione 128. Hazilalamiki zikijaa. Huandika juu ya vilivyotangulia, au hubaki na majina ya faili ambayo ndani hamna kitu. Nunua ya GB 32 au 64 kwa muuzaji atakayekupa risiti, uijaze yote kwenye kompyuta mara moja, kisha ufungue faili za mwisho uone kama zinacheza. Kazi hiyo ni yako wewe fundi, usimwachie rafiki.

Kwa nini si diski ya nje ya TB 1? Kwa sababu tundu la USB la dekoda ya bei ya chini halina nguvu ya kuizungusha. Utasikia ikilia tik, tik, inazima, inawaka tena. Unaweza kuongeza kigawanyio cha USB chenye adapta yake, lakini hapo umeshaleta kifaa cha pili, waya wa tatu na soketi moja zaidi ambayo mtoto ataichomoa ili achaji simu. Kwa mtu asiye wa mitambo, flashi moja iliyochomekwa na kusahauliwa inatosha.

Dekoda hizi hugawanya kipindi kirefu kuwa vipande, kwa kuwa FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye flashi, haukubali faili inayozidi GB 4. Usishtuke ukichomeka flashi kwenye laptopu ukakuta folda yenye jina kama ALIDVRS2 na ndani yake faili za .ts. Programu ya VLC inazifungua bila shida. Hapo dekoda ya bei ya chini inazipita runinga za kampuni kubwa, kama nitakavyoeleza: ulichorekodi ni chako, unaweza kukihamisha, kukihifadhi au kumpelekea dada yako Kakamega. Kwa kutazama nyumbani, hakuna neno. Kukinakili na kukiuza, au kukionyesha kwa kiingilio kwenye banda la video, hapo sheria ya hakimiliki inakuhusu.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ina kipokezi kimoja. Ikirekodi chaneli hii, huwezi kutazama nyingine kupitia dekoda hiyohiyo, isipokuwa kwa baadhi yake na kwa chaneli zinazobebwa pamoja kwenye masafa mamoja. Watu wengi huishia hapo na kuinua mikono. Lakini geuza dekoda uangalie nyuma. Mara nyingi kuna tundu mbili za antena, moja ya kuingiza na nyingine ya kutoa, imeandikwa LOOP au RF OUT. Chukua waya mfupi wa antena, utoe hapo uingize kwenye runinga. Kama runinga ina kipokezi chake cha dijitali, na nyingi za miaka hii zinacho, dekoda itarekodi habari huku watoto wakitazama katuni kwenye kipokezi cha runinga. Waya huo hauzidi bei ya sahani ya samaki pale ufukweni. Hakikisha tu kwamba tundu hilo hupitisha mawimbi hata dekoda ikiwa imelala. Kwa nyingine, ukiizima na runinga inakosa mawimbi.

Runinga yenye uwezo wa kurekodi

Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kujaribu kwanza, kwa sababu rahisi kwamba huenda rafiki yako anayo tayari na hajui. Fungua menyu ya chaneli za antena, uangalie kama kuna neno PVR au alama ya kurekodi. Ikiwepo, gharama yote ni flashi au diski, na tundu za USB za runinga kwa kawaida zina nguvu kuliko za dekoda ndogo. Rimoti ni ileile aliyoizoea. Hakuna kisanduku cha ziada juu ya meza wala mambo ya kubadilisha HDMI 1 kwenda HDMI 2, ambayo ndiyo sababu ya nusu ya simu ninazopigiwa.

Kuna mambo matatu ya kumweleza mapema. Runinga nyingi hufuta kila kitu kilicho kwenye diski zinapoiandaa, kwa hiyo ile diski ya picha za harusi isikaribie hapo. Pili, runinga za kampuni kama LG na Samsung hufunga rekodi kwa ufunguo wa runinga ileile. Ukiipeleka diski kwingine haichezi, na runinga ikiharibika rekodi zimekwenda nayo. Kwa habari za jana si hasara. Kwa mahojiano ya marehemu mzee wa familia yaliyopita runingani, ni hasara kubwa. La tatu ndilo linaloumiza zaidi: runinga hurekodi kile kinachopokelewa na kipokezi chake yenyewe tu. Kinachoingia kwa waya wa HDMI kutoka kwa dekoda ya kulipia hakirekodiki. Mtu ananunua diski akidhani atarekodi Ligi Kuu ya Uingereza kutoka kwenye dekoda yake, na kitufe cha kurekodi kinabaki kijivu.

Kuhusu kurekodi wakati runinga imezimwa, nyingi huweza ikiwa zimezimwa kwa rimoti. Zikizimwa ukutani haziwezi. Na hapa kwetu watu wengi huzima ukutani kila usiku, wamefundishwa hivyo na bili za tokeni. Huyo usimpe runinga ya kurekodi kama hayuko tayari kuacha mazoea hayo, maana utalaumiwa wewe.

Raspberry Pi na laptopu ya zamani

Nyumbani kwangu natumia laptopu ya zamani, na ninaipenda. Simpendekezei mtu mwingine yeyote kati ya hao watatu.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Unachukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ile ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, au laptopu iliyostaafu. Unaiunganishia kipokezi cha DVB-T2, kiwe cha USB au ule ubao wa TV HAT uliotolewa kwa ajili ya Pi mwaka 2018. Unaweka Tvheadend, programu ya bure inayopokea, kupanga na kurekodi, kisha runingani unatazama kupitia Kodi, programu ya kuchezea video. Ikikaa sawa ni raha tupu. Kwa kuwa kipokezi kimoja hushika masafa mamoja kwa wakati mmoja, na masafa hayo hubeba chaneli kadhaa, Tvheadend inaweza kurekodi chaneli tatu nne kwa mpigo mradi zinarushwa pamoja. Dekoda ya shilingi 3,000 haifiki huko. Unaweza pia kutazama rekodi kwenye simu ukiwa kitandani, au kupanga kipindi ukiwa kazini.

Mtego wa kwanza ni kipokezi. Vijiti vya USB vya bei ya chini kabisa, vile vya RTL2832U, vinapokea DVB-T ya zamani pekee. Hapa Kenya ukivichomeka vitatafuta chaneli usiku kucha visipate hata moja, na tatizo si antena. Lazima kiandikwe T2, na uhakikishe Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, inakitambua kabla hujakilipia.

Mtego wa pili ni gharama inayojificha. Pi yenyewe ni sehemu tu. Ongeza chaja nzuri, kasha, kadi ya kumbukumbu, kipokezi, mahali pa kuhifadhi rekodi na rimoti. Kwa hesabu yangu hutoki chini ya shilingi 15,000, na hapo umepata dekoda nne au tano.

Wa tatu ni stima. Pi huendeshwa kwa kadi ndogo ya microSD, na kadi hiyo haipendi kukatiwa umeme inapoandika. Ikikatika mara nyingi, siku moja haiwaki tena. Laptopu inajitetea hapo kwa kuwa ina betri, yaani akiba ya umeme iliyomo ndani bila kununua kingine, mradi betri haijafa. Kwa upande wa tokeni, laptopu inayokula wati 20 mchana na usiku humaliza yuniti 14 hivi kwa mwezi, ilhali Pi ya wati 4 humaliza 3. Tofauti hiyo mwenye nyumba ataiona.

Lakini sababu yangu kuu ya kukataa si hizo. Uzuri wa mifumo hii ni kumwambia "rekodi kila sehemu ya kipindi hiki" naye akitafute mwenyewe, na hilo hutegemea ratiba ya vipindi inayorushwa pamoja na mawimbi. Hapa kwetu ratiba hiyo mara nyingi haina kitu, au inasema kipindi fulani wakati hewani kuna mkutano wa siasa. Ukiondoa akili hiyo, unabaki na saa ya kutegesha kwa mkono, kitu ambacho dekoda inafanya. Na siku mfumo ukiomba kusasishwa, au ukikwama kwenye maandishi meupe juu ya weusi, mwalimu wa Mamboleo hatajua hata aanze kunieleza vipi kwa simu. Mjengee Pi mtu unayeishi naye boma moja.

Dekoda ya kulipia yenye diski ndani

Hapa namzungumzia hasa DStv Explora, iliyotoka mwaka 2013. Kwa urahisi wa kutumia inawazidi wote: ratiba ya vipindi ni ya kweli, unabonyeza kitufe kimoja juu ya jina la kipindi, na unaweza kurekodi hiki ukitazama kile. Lakini huduma ya kurekodi huambatana na malipo ya mwezi, rekodi hazitoki nje ya dekoda hiyo, na dekoda zenyewe za kulipia za bei ya chini kwa kawaida hazina uwezo huu. Anayelipia tayari kwa sababu ya mpira, aongeze. Asiyelipia, asiingie huko kwa ajili ya kurekodi habari ambazo hewani ni za bure.

Saa, antena, stima na radi

Chochote utakachochagua, mambo manne yatakuandama.

La kwanza ni saa. Dekoda haijui kwamba sisi huanza kuhesabu saa asubuhi. Habari za saa moja jioni ni 19:00, na za saa tatu usiku ni 21:00. Andika kwenye kikaratasi na ukibandike chini ya runinga. Mama wa Kibuye anajua hesabu kunizidi, lakini hana haja ya kuipiga kila mara. Angalia pia kwamba menyu ya saa imewekwa GMT+3. Mawimbi hubeba saa ya kimataifa, na dekoda isipoongeza tatu itaamka saa tatu nzima baada ya kipindi kuanza. Mechi za alfajiri zina mtego wao. Kombe la Dunia la 2026, kwa mfano, ni la Marekani, Kanada na Meksiko, na mechi ya saa tatu usiku huko New York ni saa kumi alfajiri hapa. Kwenye dekoda ni 04:00, tena tarehe inayofuata. Ukitegesha tarehe ya jioni ile uliyoketi nayo, umerekodi alfajiri iliyokwisha kupita, yaani hakuna kitu. Na daima ongeza dakika kumi na tano mwishoni, maana habari zetu haziishi kwa wakati, na mpira una nyongeza.

Antena: ya zamani ya UHF bado inafaa, huhitaji ile iliyoandikwa "dijitali" kwa bei maradufu. Tazama za majirani zimeelekea wapi, kisha ufungue ukurasa wa mawimbi kwenye dekoda. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Ubora ndio wa kufuata. Picha inayokatika kidogo unaivumilia ukitazama, lakini kwenye rekodi kukatika huko kunaweza kuangukia goli lenyewe. Antena yenye kikuza mawimbi huhitaji umeme wa volti 5 kutoka kwa dekoda. Washa hiyo kwenye menyu, vinginevyo kikuza hicho hugeuka kizuizi.

Stima sasa. Dekoda nyingi zikirudishiwa umeme hulala zikisubiri, na baadhi hulala zikiwa zimepoteza saa, kwa hiyo haziamki. Nyingine huwaka, zikasoma saa kutoka kwa mawimbi, zikaendelea kama kawaida. Huwezi kujua kwa kutazama boksi. Tegesha irekodi baada ya dakika tano, chomoa, rudisha, usubiri. Jaribio hilo ndilo linalotofautisha dekoda ya kununua na ya kuacha, na ningelifanya hata kabla ya kuuliza bei. Ikishindwa lakini unaipenda, geuza adapta usome: nyingi ni za volti 12, na kile kibetri kidogo cha ruta, kinachouzwa kwa ajili ya waifai, kinaweza kuiendesha saa kadhaa. Wenye sola ya volti 12 nyumbani wana nafuu zaidi. Hakikisha volti na ncha ya waya vinalingana, na ampea za kibetri zisipungue zilizoandikwa kwenye adapta.

La nne ni radi, na hapa tusidanganyane. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na mvua ikianza kunguruma, kila mama hapa Kisumu anachomoa waya wa antena. Afanye hivyo. Hakuna kipindi kinachostahili runinga kuungua, wala nyumba. Mwambie tu kwamba siku hiyo hakutakuwa na rekodi na si kosa la dekoda. Ndiyo sababu nyingine ya kumwachia YouTube kama akiba ya habari.

Nani achukue nini

Mama wa Kibuye apate dekoda ya chaneli za bure iliyopita jaribio la stima, flashi ya GB 32, na saa iliyotegeshwa 19:00 kila siku. Hategeshi tena. Akirudi nyumbani anabonyeza kitufe cha orodha ya rekodi, anachagua ya juu.

Mwalimu ni suala la pochi. Ligi za Ulaya anazozitaka ziko kwenye chaneli za kulipia, na hakuna dekoda ya bure, runinga wala Pi itakayozifungua. Anayekuambia kuna kijiti kinachofungua anakuuzia taabu. Kama analipia tayari, Explora. Kama halipii, mpe dekoda kama ya mama kwa ajili ya mechi zinazoonyeshwa bure, na umweleze waziwazi kwamba ndizo tu atakazopata.

Muuguzi ndiye mwenye mahitaji makubwa: tamthilia mbili, chaneli tofauti, muda mmoja. Fundi mwenye tamaa angemuuzia Pi. Lakini runinga yake ina PVR, kwa hiyo anachohitaji ni dekoda moja ya bei ya chini na ule waya mfupi wa antena. Runinga inarekodi chaneli moja kwenye diski yake, dekoda inarekodi nyingine kwenye flashi, na ana vipokezi viwili kwa bei ya kimoja. Sharti lake ni lile la kuzima kwa rimoti badala ya ukutani anapokwenda zamu, na kukumbuka kwamba vifaa hivi vyote viwili, nafasi ikijaa, huacha kurekodi kimyakimya. Kwa hiyo mpe flashi mbili. Kila mwisho wa mwezi abadilishe, na ile iliyojaa aifute akishamaliza kuitazama.